Joto la Vidole: Mikono ya Mwendesha Pikipiki katika Baridi ya Ulaya tangu 1900

Mwendesha pikipiki anayesafiri katika majira ya baridi ya Ulaya huweza kuuhifadhi karibu mwili wake wote kwa koti, suruali nzito na buti, lakini mikono yake hubaki mbele ya mwili, imenyooshwa kuukabili upepo, imeshika chuma, na haina ruhusa ya kupumzika. Juu ya hayo, mwili wenyewe huisaliti, kwani unapohisi kwamba unapoa hubana mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi ya vidole ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni, nacho kidole, kwa kuwa ni chembamba na ngozi yake ni nyingi ikilinganishwa na nyama iliyomo, huishiwa joto upesi. Tabibu Mwingereza Thomas Lewis alionyesha mwaka 1930 kwamba kidole kilichotumbukizwa katika maji ya barafu hakipoi moja kwa moja, bali baada ya dakika kadhaa mishipa yake hufunguka kwa muda, hujifunga, kisha hufunguka tena. Hata hivyo ahueni hiyo hufifia pale mwili mzima unapokuwa umekwisha kupoa, na hiyo ndiyo hali ya mtu aliyekaa saa mbili juu ya pikipiki mwezi Januari. Ikumbukwe pia kwamba sehemu kubwa ya misuli inayokunja vidole haimo vidoleni bali katika kigasha, yaani sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, kwa hiyo glavu nzuri iliyovaliwa chini ya koti hafifu haimsaidii sana mtu anayetakiwa kufunga breki kwa nguvu.

Kwa upande wa upepo, wataalamu hutumia kipimo kinachoweza kuitwa baridi ya upepo, ambacho hueleza jinsi hewa inayokwenda kasi inavyoipokonya ngozi joto kuliko hewa tulivu yenye nyuzi zilezile. Kipimo hicho kilianzia katika majaribio ya Wamarekani Paul Siple na Charles Passel huko Antaktika, ambao walipima muda unaotumiwa na maji yaliyomo ndani ya chombo cha plastiki hadi kuganda, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 1945. Mwaka 2001 Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya kanuni mpya iliyopimwa kwenye nyuso za watu waliokuwa wakitembea ndani ya handaki la upepo. Kwa kanuni hiyo, hewa ya nyuzi 0 za sentigredi ikipita kwa kilomita 50 kwa saa huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa ya nyuzi 8 chini ya sifuri, na mwendo ukiongezeka maradufu hadi kilomita 100 kwa saa, hesabu hushuka hadi karibu nyuzi 11 tu chini ya sifuri. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya mikono wala kwa ajili ya pikipiki, lakini funzo lake linamhusu dereva moja kwa moja: sehemu kubwa ya madhara hutokea katika mwendo mdogo wa mwanzo, hivyo mfanyakazi aliyekwenda kiwandani kwa pikipiki dhaifu aliumia vidole karibu sawa na tajiri mwenye mashine ya mbio.

Jitihada za kuitafutia mikono hiyo joto hazikucheleweshwa na uhaba wa ubunifu, kwa maana karibu kila njia inayotumika leo ilikwisha kufikiriwa, mahali fulani na kwa chombo fulani, kabla ya mwaka 1945. Kilichozichelewesha ni mambo mawili, yaani wingi wa kazi ambazo mikono ililazimika kuzifanya, na uchache wa umeme uliosalia baada ya taa kupata haki yake.

Pikipiki ya Uingereza ya miaka iliyotangulia Vita vya Kwanza vya Dunia ilikuwa mashine ya mikono kuliko ilivyo leo. Kwenye usukani palikuwa na nyenzo ndogo, yaani vyuma vya kusukumwa au kuvutwa kwa vidole, mmoja wa kuruhusu mafuta, wa pili wa kuruhusu hewa, mwingine wa kuwahisha au kuchelewesha cheche ya plagi, na mwingine tena wa kuinua vali ili injini izimike au iwake kwa urahisi; pembeni mwa tangi palikuwa na pampu ya oili ambayo dereva aliisukuma mwenyewe kila baada ya maili chache, na gia, pale zilipokuwapo, zilibadilishwa kwa fimbo iliyosimama ubavuni mwa tangi hilohilo. Glavu nene iliyotosha kuzuia baridi haikuweza kuutofautisha wenzo wa hewa na ule wa mafuta, na glavu nyembamba iliyoweza kufanya hivyo haikuzuia baridi. Mshikio wa kuzungusha, ambao kwa sasa ndio njia ya kawaida ya kuongeza mafuta, ulikuwa ukitumika Marekani tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, lakini watengenezaji wengi wa Uingereza waliendelea na nyenzo zao kwa miaka mingi baadaye, na vidole vya wateja wao vililipa gharama ya ukaidi huo.

Vita vya mwaka 1914 viliigeuza shida ya mtu binafsi kuwa jambo la jeshi. Jeshi la Uingereza liliwategemea matarishi wa pikipiki, yaani askari waliopeleka barua na amri kati ya makao makuu na vikosi vilivyokuwa mbele, na hao walipewa hasa pikipiki za Douglas na za Triumph, ikiwemo ile ya Modeli H iliyotolewa mwaka 1915 ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 550. Vazi lao la mikono lilikuwa glavu ndefu ya ngozi yenye mdomo mpana uliofika katikati ya kigasha, na mdomo huo ulizua swali ambalo halijapata jibu hadi leo. Dereva akiuvaa juu ya mkono wa koti, upepo haupati njia ya kuingia, ila mvua inayoteremka kutoka begani, kwa kuwa mikono yake imeelekea chini, hutiririka moja kwa moja hadi ndani ya glavu. Akiuvaa chini ya mkono wa koti, maji yanayoteremka hupita juu, lakini upepo hulijaza koti na kuisukuma mvua hadi kiwikoni. Ngozi iliyolowa ni adui mkubwa kuliko ngozi nyembamba, kwa sababu maji hupitisha joto haraka kuliko hewa, na kila tone linalokauka upepeni huondoka na joto la mkono.

Baada ya glavu, njia ya pili, isiyopendeza macho, ilikuwa kuuacha mkono na kuufunika usukani. Mifuko ya usukani ni mifuko miwili ya turubai, ngozi au mpira, yenye bitana ya sufu au manyoya, ambayo hufungwa kwenye usukani ikafunika mishikio pamoja na nyenzo za breki na klachi, kisha dereva huingiza mikono yake kwa nyuma kama mtu anayeitia mifukoni mwa koti. Ufanisi wake unatokana na hewa iliyotulia ndani ya mfuko, ambayo huhami mkono bila kuubana, hivyo dereva huweza kuvaa glavu nyepesi na kubaki na hisi za vidole vyake. Hapo ndipo mfuko unapoishinda glavu, kwani glavu huongeza joto kwa kupunguza wepesi, ilhali mfuko hautozi ushuru huo. Lakini mfuko una sharti moja: mkono usitoke. Katika pikipiki ya fimbo ya gia na pampu ya oili mkono ulitoka kila mara, na kila ulipotoka ulirudi na baridi, kwa hiyo mfuko haukuweza kutoa faida yake yote mpaka kazi hizo zilipohamishiwa kwingine. Pampu za oili zilianza kuendeshwa na injini yenyewe, na kampuni ya Velocette ilitoa mwaka 1929 gia ya kukanyagwa kwa mguu ambayo hupanda au kushuka ngazi moja kwa kila mkanyago, mpangilio uliokuja kuenea duniani kote. Wahandisi wa Velocette walikuwa wakifikiria mashindano, si vidole vya mfanyakazi wa kawaida, lakini mfanyakazi huyo huenda ndiye aliyefaidika zaidi.

Hata hivyo mfuko haukupendwa na wote. Hofu moja ilikuwa kwamba dereva akianguka mikono ingenaswa, hofu ambayo wazoefu huipuuza kwa kuwa mdomo wa mfuko ni mpana. Hatari ya kweli zaidi ni kwamba mfuko laini, ukisukumwa na upepo wa mwendo mkubwa, huweza kulalia wenzo wa breki na kuivuta kidogo bila dereva kujua. Sababu kubwa, hata hivyo, ilikuwa fahari. Vijana walioinunua pikipiki kwa ajili ya umbo lake hawakutaka kuifunga vitu vinavyofanana na mizigo ya muuza maziwa, na aibu hiyo imewagandisha vidole watu wengi waliokuwa na fedha za kutosha kununua mifuko. Walioiendesha kazini hawakuwa na anasa ya kuchagua, na miongoni mwao walikuwa askari wa doria wa chama cha wenye magari cha Uingereza, AA, ambao kwa miaka mingi walizunguka barabarani na pikipiki za BSA zenye kigari cha pembeni kilichojaa vifaa vya kukarabatia magari. Hao walikuwa na mzigo wa ziada wa kuinua mkono na kumpigia saluti kila mwanachama waliyepishana naye, iwe kiangazi au theluji, hadi desturi hiyo ilipoachwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Njia ya tatu ni ya kuiomba injini yenyewe. Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, na sehemu kubwa iliyobaki hutoka kama joto kupitia mapezi ya silinda na bomba la moshi, kwa hiyo dereva anayetetemeka huwa ameketi juu ya tanuri asiloweza kulifikia. Pikipiki ya BMW R 32 ya mwaka 1923, iliyobuniwa na Max Friz, ilikuwa na silinda mbili zilizochomoza kushoto na kulia mbele ya miguu, na warithi wake waliorithi umbo hilo waliwapa madereva wa Ujerumani faida ambayo haikuandikwa katika matangazo yoyote: mguu ulipata joto daima, na mkono wa kushoto uliweza kuteremshwa ukakaribia silinda kwa sekunde kadhaa pikipiki ikiwa katika mwendo. Mkono wa kulia haukupata nafasi hiyo, kwa sababu mshikio wa mafuta ukiachwa hurudi wenyewe na mwendo hupotea, na ndiyo maana dereva mzoefu wa baridi hulalamikia mkono wa kulia kuliko wa kushoto.

Majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Urusi mwaka 1941 yalikuwa na matarishi na vikosi vizima vya askari wa pikipiki, na baridi ya kipupwe cha kwanza, iliyoshuka chini ya nyuzi 30 chini ya sifuri karibu na Moscow, ilidhihirisha kwamba koti la mpira na glavu nzito, hata zile za kijeshi zilizotenga kidole gumba na cha shahada na kuviunganisha vilivyobaki, hazikutosha. Jibu la wahandisi lilionekana kwenye baadhi ya pikipiki nzito za BMW R 75 na Zündapp KS 750, ambazo zilifungwa mabati ya kuzunguka bomba la moshi ili hewa iliyopashwa moto hapo ipelekwe kwa mirija hadi kwenye mikono, kwenye miguu na ndani ya kigari cha pembeni. Mpango huo ulikuwa wa busara kwa mantiki ya joto, kwani ulitumia kilichokuwa kikitupwa, lakini ulikuwa mzito, ulihitaji mirija minene, na ulifaa mashine kubwa iliyokwenda polepole. Baada ya vita haukuendelezwa katika pikipiki za raia. Warusi, kwa upande wao, walikuwa wakiunda M-72, nakala ya BMW R 71, na baada ya kiwanda kuhamishwa kutoka Moscow mwaka 1941 pikipiki hiyo ilitengenezwa Irbit, katika eneo la Ural, ambako kipupwe si jambo la kushangaza mtu.

Katika miaka ya 1950 Wazungu wengi waliotumia pikipiki wakati wa baridi walifanya hivyo kwa sababu hawakumudu gari, na gari dogo la bei nafuu lilipopatikana waliiacha pikipiki bila majonzi. Mahali pao palichukuliwa na watu wa aina nyingine, walioiendea baridi kwa hiari. Mwaka 1956 mwandishi wa habari za pikipiki Ernst Leverkus aliitisha karibu na Stuttgart mkutano wa wenye Zündapp KS 601, pikipiki iliyojulikana kwa jina la utani la tembo wa kijani, na mkutano huo, uitwao Elefantentreffen, ulihamia baadaye Nürburgring na tangu mwaka 1989 hufanyika Loh, katika msitu wa Bavaria, ambako waliohudhuria hulala kwenye mahema juu ya theluji. Wales nayo ilianzisha mwaka 1962 mkutano wake wa kipupwe, Dragon Rally. Mikusanyiko ya namna hiyo ikawa karakana ya wazi, ambapo mfuko wa usukani ulirudishiwa heshima, na kila mwaka mtu aliweza kuona juu ya mashine ya jirani kifaa ambacho hakikuuzwa dukani.

Njia ya nne ilikuwa umeme, nayo ilijulikana angani kabla ya kufika barabarani. Marubani wa Vita vya Kwanza vya Dunia walikwisha kujaribu mavazi na glavu zenye nyaya za kupasha joto, na katika Vita vya Pili askari wa ndege kubwa za Marekani zilizoruka kutoka Uingereza walivaa suti za umeme pamoja na glavu zake, kwa sababu baridi ya juu iliharibu vidole na nyuso zao kwa wingi uliotisha. Ndege yenye injini nne ilikuwa na umeme wa kutosha. Pikipiki haikuwa nao. Pikipiki za mwanzo zilipata cheche kutoka magneto, yaani kifaa kinachozalisha umeme wa plagi bila betri, na taa zao zilikuwa za gesi ya asetilini. Hata zilipopata dainamo, katika mashine nyingi za Uingereza za katikati ya karne ilikuwa ya volti 6 na uwezo wa wati 60 hivi, ambazo nusu yake zilimezwa na taa kubwa ya mbele. Mishikio miwili ya umeme huhitaji wati 30 hadi 40, na kwa hesabu hiyo dereva wa zamani angelazimika kuchagua kati ya kuona njia na kuihisi mikono yake.

Hali ilibadilika alteneta za volti 12 zilipokuja na nguvu ya kutosha. BMW za mwaka 1969 zilikuwa na alteneta ya wati 180, zile zilizofuata katikati ya miaka ya 1970 zilifika wati 280, na Honda Gold Wing ya mwaka 1975 ilikuwa na wati 300 hivi. Si jambo la kubahatisha kwamba ni katika muongo huohuo ambapo mavazi ya umeme ya waendesha pikipiki yaligeuka kuwa biashara nchini Marekani, mmoja wa waasisi wake akiwa Gordon Gerbing wa jimbo la Washington, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1980 BMW ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wa kwanza kuuza pikipiki zenye mishikio ya joto kutoka kiwandani. Kinga ya upepo ilikuwa imeitangulia kidogo: BMW R 100 RS ya mwaka 1976 ilitoka na bodi kamili ya mbele iliyopimwa katika handaki la upepo, na bodi kama hiyo huipasua hewa kabla haijaifikia mikono.

Ndani ya mshikio wa joto mna waya mwembamba, au utepe uliochapwa juu ya karatasi ya plastiki, unaopata moto kwa kuukinza umeme unaopita, na juu yake pana mpira wa kushikwa. Urahisi huo una kasoro mbili ambazo fundi huzijua. Mshikio wa kulia umekaa juu ya mrija wa plastiki unaozunguka, na plastiki huhami joto likabaki kwenye mpira, ilhali wa kushoto umebandikwa juu ya chuma cha usukani ambacho hulinyonya joto na kulisambaza upepeni. Kwa hiyo mkono wa kushoto huhisi baridi ingawa umeme ni uleule, na baadhi ya watengenezaji huupa upande huo nguvu zaidi. Wa kulia nao hulipa kwa njia yake, kwani waya wake hukunjwa kila dereva anapoongeza au kupunguza mafuta, hadi siku unapokatika. Zaidi ya hayo, mshikio hupasha kiganja, na upepo hupiga mgongo wa mkono, hivyo glavu nene inayohitajika kwa ajili ya mgongo huo hulizuia pia joto la mshikio lisifike kiganjani. Glavu za umeme zenye nyaya za kuzunguka vidole huepuka tatizo hilo kwa gharama ya waya unaopita ndani ya koti hadi kwenye betri ya pikipiki, au, katika miaka ya karibuni, ya betri ndogo za lithiamu zinazodumu saa chache. Anayeunganisha mshikio wa joto na mfuko wa usukani huendesha kwa glavu nyembamba katika baridi ya kugandisha maji, na hilo wanalijua zaidi wasafirishaji wa vyakula katika miji ya kaskazini kuliko wanunuzi wa pikipiki za gharama kubwa.

Baridi ya aina hii si ya Ulaya peke yake. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Limuru na Nyahururu hadi Njombe na Makete, asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali, na bodaboda anayekwenda kilomita 60 kwa saa katika hewa ya nyuzi 10 hupozwa ngozi kama aliyesimama katika nyuzi 5. Mifuko ya usukani ya ngozi bandia iliyoshonewa manyoya imekuwa ya kawaida kwenye pikipiki nyingi za Kenya, na huko hufanya pia kazi ya kuzuia mvua, huku mshikio wa joto ukiwa nadra. Bei ni sababu mojawapo, lakini nyingine ni ileile iliyowazuia Waingereza wa miaka ya 1950: alteneta ya pikipiki ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 imepimwa kwa ajili ya taa, honi na kuchaji betri, na dereva wa bodaboda, ambaye umeme huohuo ndio unaomchajia simu ya kupokelea wateja, hana wati 40 za kuvipa vidole vyake.